Chiriku Anasoma

Tarehe 3 Februari

Dada,

Shikamoo. Hapa nyumbani tunakwenda hivyo hivyo. Mama magoti bado yanamsumbua lakini mdomo ni mzima, jana amemtimua muuza mkaa kwa maneno matupu. Wifi yako hainui kichwa kwenye cherehani, maana sare za mtaa mzima zimekuwa fupi kwa mpigo. Na mwanao Chiriku ameng'oka jino la mbele. Nilidhani atapunguza kusema, kumbe tumemfungulia mlango.

Shule imefunguliwa. Tangu ulipotuletea Chiriku na begi lake, ukapelekwa kuhudumia wodi za ugonjwa ule na shule zikafungwa, hakuna aliyegusa milango ile. Nilipofungua wa kwangu, darasa la tatu, harufu ilinirudisha nje nikatema mate. Kinyesi cha popo juu ya madawati, panya wamezaa ndani ya kabati, vitabu vimeota ukungu. Watoto nao wamerudi warefu, vichwani hamna kitu. Niliandika "baba" ubaoni, wakanitazama kama nimeandika cheti cha daktari.

Sasa msikie Mwalimu Mkuu wetu. Tunamwita Bwana Asilimia, kwa sababu hawezi hata kuitikia salamu bila kuitia asilimia. Alituita kikao, hakuuliza habari ya vitabu wala ya maji, akatuonyesha mchoro wa bango. Mwaka huu unaitwa Mwaka wa Kufidia, na mafanikio yake yameshaandikwa kabla mwaka wenyewe haujaanza kutembea: KILA MTOTO ANASOMA. Bango limesimikwa langoni. Choo cha wanafunzi, kule nyuma karibu na tangi la maji, kimepakwa rangi ya kijani. Mlango tu, Dada. Ndani mtu akiingia anatoka amekonda. Walimu wenzangu walipiga makofi. Mimi nilihisi chai ya asubuhi inapanda.

Usiwe na wasiwasi na mwanao. Yuko darasani kwangu, dawati la mbele kabisa. Barua zangu nitampa dereva wa gari la dawa kila akipita, maana simu yako mpaka upande kilima, na ukishapanda unanikata maneno.

Mdogo wako


Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Gari la dawa lilizama kwenye tope, dereva akalala nalo huko huko. Barua yako imenifikia imelowa na inanuka dawa ya kuulia wadudu. Kwa habari zilizomo, ilistahili.

Mwambie Mama ile dawa ni ya kupaka, si ya kunywa. Namjua. Hapa kituoni tupo mimi, muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, na wanawake hawaachi kuzaa eti kwa sababu sisi tumechoka. Juzi nimepokea mapacha, mama yao akataka wote wawili waitwe jina langu. Nikamwomba amhurumie walau mmoja.

Nimecheka na mlango wako wa kijani, kisha nikaacha kucheka. Mimi nimeshika kila kitu kinachotoka kwa binadamu, nikanawa, nikala chakula changu. Lakini uchafu unaofunikwa siuwezi. Watu wanasema mficha uchi hazai, wanacheka. Sisi wakunga tunamwona anavyokufa.

Nina ombi moja tu kwako mwaka huu, na mengine yote yasahau. Nilimwacha Chiriku akijua herufi za jina lake basi. Baba yake alitangulia mbele ya haki kabla mtoto hajaota meno, nami nikamweka mikononi mwenu ili nikahudumie wa watu. Sijutii. Ila kila nikimpokea mtoto wa mwenzangu najiuliza wangu amepoteza nini kwa ajili hiyo. Wewe ni mwalimu. Ndiyo maana nilimleta kwako, sikumpeleka kwa mwingine.

Kwa hiyo mwambie aniandikie barua. Mstari mmoja unatosha, kwa mkono wake, bila wewe kumtajia. Hata kama ni "Mama njoo". Nikiupata mstari huo nitalala usingizi.

Dada yako


Tarehe 20 Mei

Dada,

Shikamoo, na usinune. Najua nimechelewa. Mama ameamua kutembea na fimbo, tatizo ni kwamba sasa ana kitu cha kunyooshea watu. Wifi yako anakusalimu, anasema ile khanga uliyomtumia mafundi wenzake wanaionea wivu.

Tulikuwa na wageni kutoka ofisi ya elimu. Kwa wiki nzima hatukufundisha, tulifanya mazoezi ya kufundisha. Nieleze vipi? Watoto wameelekezwa hivi: mgeni akiuliza swali, wote wanyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na mwalimu achague wa kulia tu. Mgeni anasimama nyuma, anaona msitu wa mikono, anafuta jasho kwa furaha. Sijui nani alibuni jambo hilo, ila lilifanya kazi. Kwangu walikuwepo wa kulia watano sita hivi. Mgeni aliandika kwamba darasa lina ari. Bwana Asilimia alikuwa pembeni amejaa tumbo na tabasamu, na mimi nilitamani kunawa uso.

Lakini ngoja nikupe la kukufurahisha. Mwanao alisimama akasoma ukurasa wa kunawa mikono, wote, mwanzo hadi mwisho, na sauti ile unayoijua. Hakukwama hata mahali pamoja. Walimpiga picha ameshika kitabu, na picha imebandikwa kwenye ubao wa matangazo chini ya maneno ya lile bango. Watoto sasa wanamwita Mheshimiwa. Jumamosi panda kilima chako, nitampa simu akusomee.

Barua yake nimemkumbusha. Ana mambo mengi siku hizi.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilipanda. Upepo ulikuwa unanivua kilemba, nikaziba sikio moja kwa kiganja, na nikamsikia mwanangu akisoma. Nililia, nakwambia wazi. Muuguzi aliyekuwa amenisindikiza alilia pia, na yeye wala hana mtoto. Tuliposhuka nilimtangazia kila mjamzito aliyekuwa kwenye foleni, mpaka mmoja akaniuliza kama huduma imefungwa leo.

Mungu akulipe. Ule mchezo wa mikono umenichefua, lakini kama katikati ya tope hilo umeweza kumvusha mmoja, nimenyamaza.

Jambo dogo. Upepo ulinipora maneno ya katikati, pale kwenye sabuni. Nikamwambia mwanangu, rudia hapo kwenye sabuni. Akaanza upya kutoka mwanzo wa ukurasa. Nikamwambia hapana, hapo tu. Akaanza tena mwanzo. Nimelicheka kwa sababu ni Chiriku, akianza hasimamishwi. Ila limenikaa.

Barua yangu bado naisubiri. Anayesoma ukurasa mzima hashindwi kuandika mstari.

Dada yako


Tarehe 15 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Mama amegombana na fimbo, sasa anatumia mwamvuli. Wifi yako amepata kazi ya kushona mapazia ya ofisi ya shule, ya kijani, utadhani tunamwabudu chura.

Bwana Asilimia ametoa mpya. Mafanikio ya mwaka yameandikwa kwenye mbao za madarasa yote, kwa chaki ya rangi, ili mgeni akichungulia dirisha lolote akutane nayo. Amepiga marufuku kuyafuta. Kwa hiyo mwalimu anafundishia kwenye kipande kilichobaki chini, ameinama kama anatafuta sindano. Nimeona mengi ya kutapisha, hili limevuka. Bahati mimi siinami sana siku hizi, nimehamishiwa ofisi ya taaluma, ile yenye feni. Ni jambo dogo tu, sikutaka kulitaja.

Haya, na usiseme tena kwamba sikutii. Barua ya Chiriku nimeiambatanisha. Nilimwambia kaa peke yako darasani umwandikie mama yako, nikaenda zangu kwenye kikao. Nilipotoka nikaikuta imekunjwa na kubandikwa gundi kila pembe, na dereva alikuwa anapiga honi. Sikuisoma, wala sikumtajia neno. Ni ya mkono wake mtupu.

Mdogo wako


Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu kwa Mama na wifi.

Niliifungua barua ya Chiriku mbele ya muuguzi na dereva, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi. Mwandiko mzuri. Herufi zimesimama, hazigusani, kila moja imechorwa kwa subira. Nilimbusu mtoto wa watu kwenye karatasi. Kisha nikawasomea kwa sauti, na nitakuandikia hapa nilichowasomea, neno kwa neno:

"Jumatano. Darasa la tatu. Waliopo. Wasiokuwepo. Mafanikio yetu baada ya janga. Kila mtoto anasoma. Vyoo ni safi. Wazazi wameridhika. Usifute."

Dereva alicheka, akasema mtoto wako ana utani. Muuguzi hakucheka. Mimi nilisimama na karatasi mkononi mpaka wakatoka wenyewe.

Amenakili ubao. Ulimwambia amwandikie mama yake, akatazama mbele, akaona maandishi, akayachora yote. Maana kwake barua ni hiyo, ni alama unazozichukua pale zilipo na kuziweka kwenye karatasi. Hata lile neno ambalo nyinyi walimu mnaandikiana wenyewe pembeni, amenitumia mimi. Ndiyo maana hakuweza kurudia sabuni. Ukurasa ule haupo machoni mwake, upo kwenye ulimi.

Tena nimeisoma upya barua yako ya mwezi wa tano. Unasema hujui nani alibuni jambo la mikono. Utotoni Mama alipokuwa akiuliza nani amenawa, tulionawa tulinyoosha wa kulia, na wewe ulinyoosha wa kushoto, ukatukodolea macho tusiseme. Nilikuwepo.

Nakuuliza mara moja. Mwanangu anajua kusoma au hajui? Nijibu kwa neno moja. Ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nitajua.

Dada yako


Tarehe 6 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja pale pale. Wifi yako anauliza kama umekasirika. Nimemwambia umechoka na kazi.

Una maneno makali kuliko mkasi wako wa kukatia vitovu. Unataka neno moja, na jambo lenyewe halina neno moja. Kusoma kuna hatua. Chiriku anazitambua herufi, nyingi kati ya hizo, akipewa muda. Ana kumbukumbu ambayo sijaiona kwa mtoto mwingine, na kumbukumbu nayo ni akili. Zaidi ya nusu ya darasa hawana hata hiyo. Unadhani mimi napenda? Kila asubuhi napita chini ya lile bango, naona aibu mpaka masikioni. Lakini nikifungua mdomo nitahamishiwa shule ambayo hata ndege hawatui, na atakayekuja badala yangu atanyoosha mkono huo huo wa kushoto. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwakani tutaanza upya, polepole, nakuahidi.

Nina la kukuomba, na najua si wakati wake. Mwanzoni mwa Desemba tunafunga mwaka kwa sherehe. Kutakuwa na mgeni rasmi, vipaza sauti, mahema. Bwana Asilimia amesikia kwamba mama yake Chiriku alihudumia wagonjwa wakati wa janga. Anataka uandike barua kwa mwanao, aisome jukwaani mbele ya watu. Anasema hakutabaki jicho kavu. Ukiituma mapema Chiriku ataizoea.

Naona tu vibaya kukataa. Wewe andika chochote.

Mdogo wako


Tarehe 9 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama aangaliwe na huo mwamvuli.

Barua umeipata, hii hapa. Nimeifunga kwa plasta ya kidonda ili nijue kama imeguswa. Usiifungue. Usimsomee, usimzoeshe. Aifungue yeye, kwa mikono yake, akiwa ameshasimama jukwaani. Niapie kwa Mama.

Swali langu hukulijibu, na sasa silirudii. Natamani niwe nimekosea. Nimekosea mara nyingi kazini, nimewahi kusema mtoto amekwisha na akalia. Hakuna kosa ninalolipenda kama hilo.

Dada yako


Tarehe 5 Desemba

Dada,

Shikamoo, ingawa moyo wangu umechafuka na sitakuficha.

Narudi nyumbani kutoka shuleni, nakuta begi la Chiriku halipo, kitanda kimetandikwa, Mama amekaa na mwamvuli magotini. Wifi yako ndiye ananieleza kwamba ulikuja na gari la dawa, hukukaa hata kwenye kiti, ukanywa maji umesimama, ukamchukua mtoto. Nilikuwa ofisini na wageni, nyumba na shule ni mwendo wa kumaliza muwa. Ungetuma mtu aniite. Nimemlea kama wangu. Hata mgeni wa kupita anaagwa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ungewahi kidogo tu ungemsikia. Kiapo nilikitunza, barua sikuigusa. Walimpandisha kwenye kiti kwa sababu kipaza sauti kilikuwa juu. Aling'oa plasta kwa meno, watu wakacheka kidogo kwa huruma. Kisha akasoma, Dada. "Mwanangu mpendwa, natumaini u mzima wa afya kama nilivyo mimi. Mimi huku niko mbali, kazi ni nyingi, watoto wanazaliwa. Nakukumbuka sana. Soma kwa bidii, mtii mjomba na bibi. Nitakuja Mungu akipenda." Alikuwa anashusha macho kwenye karatasi na kuyapandisha, mahali pake hasa. Mgeni rasmi alitoa leso. Akina mama walilia. Bwana Asilimia naye alilia, ingawa yeye nadhani alikuwa anakadiria ni asilimia ngapi ya watu wanalia. Kwenye hotuba alisema kama kuna mtu bado ana shaka na mafanikio ya shule hii, amtazame mtoto yule.

Nilitazama pembeni. Sitasema zaidi. Lakini nilijiambia, pengine dada ameandika hivyo hivyo. Barua zote si zinafanana? Karatasi Chiriku mwenyewe aliitia mfukoni mwa sare, sikupata nafasi ya kuisoma.

Tujulishe mmefika salama. Nyumba ina kimya ambacho sikukizoea.

Mdogo wako


Tarehe 19 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefika salama. Mwambie Mama mwanangu amelala karibu njia nzima kifuani kwangu, na wifi mwambie nimeshukuru kwa kila alichomfanyia, hakunikosea kitu. Plasta haikuguswa. Hilo nalo nakupa, ni lako.

Unasema ningewahi ningemsikia. Nilimsikia.

Nilifika asubuhi, kabla mahema hayajajaa. Sikupita lango kubwa, nilizunguka nyuma nikasimama karibu na tangi la maji. Kuna ufa kwenye ukuta pale, unaona jukwaa kwa mgongo. Nilipotaka kujisaidia nikaingia choo chenu. Nimefanya kazi kwenye wodi ambazo watu walikuwa wanakufa upande huu na upande huu, na sikutapika. Pale nilitapika. Nzi waliniandama mpaka nje, nikaufunga nyuma yangu ule mlango wa kijani, na ndani ya uwanja nikasikia mtu anasoma kwenye kipaza sauti kwamba vyoo ni safi, watu wanapiga makofi.

Kisha nikamwona mwanangu anapandishwa kwenye kiti. Soksi moja imeshuka. Nikamsikia anang'oa plasta kwa meno. Sijui kama utaelewa jinsi nilivyosubiri pale. Nilikuwa nimeshavua viatu ili nikimbie kumpokea, maana nilijua atakuja mbio, yeye hajui kutembea. Nilisema moyoni, mtoto ashuke tu kwenye kile kiti, nitakuomba radhi mdogo wangu, nitaomba radhi mpaka kwa Bwana Asilimia.

Hakushuka. Alianza, "Mwanangu mpendwa." Alinitungia barua. Sauti ikatoka kwenye vile vipaza sauti ikanipita kichwani, inauambia uwanja mzima kwamba mama yake yuko mbali, na mimi niko hapo nimeshika viatu mkononi. Watu wanalia kwa uzuri wake. Nami nilisikia kinyaa, si cha choo. Nilikisikia kwako, nikaogopa, kwa sababu wewe ndiye niliyekubeba mgongoni Mama akiwa sokoni.

Tulipokuwa njiani nilimuuliza mwanangu mjomba wake alikuwa anamfundisha vipi. Akaniambia bila hila, yeye hana hila. Akasema, "Mwanzo Mjomba alikuwa ananionyesha herufi nyumbani, naweka kidole, nasoma ma, nasoma ba. Halafu wageni walipokaribia kuja nikaweka kidole nikawa nakwamakwama, Mjomba akasema niache, naonekana sijui. Akasema niseme tu, nasema vizuri." Kwa hiyo alikuwa ameanza. Ungemwacha akwame angekuwa anasoma. Mtoto anayejifunza kweli anasoma vibaya mwanzoni, na ubaya huo haukufaa kwa picha, ukamtoa kidole. Uchafu wa Bwana Asilimia nauelewa, ni mtu wa nje, anapaka rangi mlango wake. Wewe ulimfunga mwanangu jicho ili upate feni, na miezi yote ukaniandikia jinsi shule inavyokuchefua. Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Umetapika kila ukurasa, kisha ukainama ukayala matapishi yako.

Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuwa nimepumzika. Ila nyumbani kwako sitakanyaga mpaka hapo utakapoingia darasani, ufute neno moja ubaoni na kuandika "baba" upya, hata kama ni kwa mtoto mmoja.

Chiriku anasoma. Tunaanzia kwenye karatasi za ukutani hapa kituoni, jioni foleni ikiisha. Anaweka kidole. Jana "osha" ilimchukua muda mpaka muuguzi akataka kumsaidia nikamkanya. Alikasirika, akaniambia, "Mama, niache niseme tu, naijua." Nikamwambia haijui, aiangalie. Alilia kidogo, akaiangalia. Anasoma vibaya sana, na mimi namsikiliza.

Bado hajaniuliza kwenye ile barua kulikuwa na nini. Ipo siku ataisoma mwenyewe, na siku hiyo sijui nitamwambia nini, kwa hiyo sitaki ikae ndani mwangu. Nakurudishia. Hukuifungua kwa sababu uliapa, na hukuisoma kwa sababu uliogopa. Isome sasa. Wewe unajua kusoma.

Dada yako


*

Chiriku mwanangu,

Mama yuko hapa. Niko nyuma ya ukuta, karibu na tangi la maji, nimevaa gauni la bluu unalolipenda. Usiwasomee watu hii. Shuka, njoo.